Tupa, Bomba na Mlima wa Kerugoya

Ukisimama stendi ya Kutus asubuhi, masikio yatakueleza jinsi mambo yalivyobadilika. Pikipiki za Boxer na TVS zinanguruma kwa sauti nene ya mipigo minne, zikigombania abiria wa Kerugoya na Kagio. Serikali ilipoziondolea VAT pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, hizi ndizo zilizofurika. Lakini mara mojamoja hupita mlio mwingine, mkavu na wa haraka, kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria yenye kifuniko, na nyuma yake moshi wa samawati. Hiyo ni tu-stroki, yaani mipigo miwili: Yamaha DT175, au ndugu yake mdogo AG100. Zilikuwa za maafisa wa kilimo na mifugo, kisha zikachakaa, kisha zikaangukia mikononi mwa vijana kama nilivyokuwa mimi.

Mimi nilikuwa na DT, na nilikuwa na tupa. Aliyeniuzia vyote viwili siku moja angepaswa kukatazwa.

Raha ya injini ya mipigo miwili ni kwamba haina siri nyingi. Haina vali za kufungua na kufunga, haina kemshafti. Ubavuni mwa silinda kuna matundu, na pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, ndiyo bawabu. Ikishuka, hufungua kwanza tundu la moshi, halafu muda mfupi baadaye matundu ya kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa uliokuwa umebanwa kwenye kasha la krenki huko chini. Moshi unatoka huku chakula kipya kinaingia, mlango mmoja unaukanyaga mwingine, yote kwa muda wa kufumba jicho. Kwa hiyo anayegusa tundu kwa tupa hagusi chuma tu. Anagusa saa.

Waliotangulia walikuwa wameniambia kwamba tundu la moshi likipandishwa kidogo, pikipiki itaruka. Nikalipandisha milimita mbili. Kwenye DT175 pistoni husafiri milimita 50 kutoka juu hadi chini, na pale tundu linapokaa, kila milimita moja unayoila juu huongeza karibu digrii 5 za muda ambao tundu liko wazi. Nilikuwa nimeiongezea digrii 10 hivi, nikiwa nimekaa kwenye jerikeni, bila kipimo chochote ila jicho.

Iliruka kweli. Kwenye barabara ya kushukia Mwea, kati ya mashamba ya mpunga, ilikuwa ikilia kama nyuki aliyekasirishwa. Jioni nikapakia gunia la mchele nipande Kerugoya. Kabla sijafika mbali niko gia ya pili, halafu ya kwanza, halafu niko chini nasukuma, na jamaa wa Boxer ananipita na abiria wawili akinipungia mkono. Fundi mzee niliyempelekea aliifungua, akaingiza kidole kwenye tundu, akatikisa kichwa. "Kijana, nguvu hukuongeza. Umeihamisha."

Alikuwa sahihi, na hesabu inamuunga mkono. Moto husukuma pistoni mpaka tundu la moshi lifunguke, yaani kwa takriban nusu tu ya safari yake. Ukipandisha tundu, unafupisha msukumo huo, na pistoni ikirudi juu inachelewa kulifunga, kwa hiyo mgandamizo nao unapungua. Malipo yake ni kwamba injini ikizunguka kwa kasi kubwa sana, moshi unapata muda wa kutosha kutoka. Umenunua nguvu ya mizunguko 8,000 kwa dakika kwa kuuza ile ya 4,000. Mwendeshaji wa mashindano atakushukuru. Mwenye gunia la mchele hana haja na bidhaa hiyo.

Kisha kuna bomba, na hapa ndipo tu-stroki inapokuwa na ajabu yake. Bomba la DT halikuvimba tumbo kwa urembo. Tundu la moshi linapofunguka, wimbi la shinikizo hukimbia ndani ya bomba kwa kasi ya mita 500 hivi kwa sekunde, kwa sababu sauti husafiri haraka zaidi kwenye gesi moto kuliko hewani. Likifika bomba linapotanuka, mnyonyo hurudi nyuma kwenye silinda na kuvuta moshi uliobaki pamoja na mchanganyiko mpya, ambao sehemu yake hata humwagikia bombani. Likifika kwenye koni ya mwisho, bomba linapobanwa, shinikizo ndilo linalorudi, na kuurudisha ndani ule mchanganyiko uliotoroka punde tu kabla tundu halijafungwa. Sauti inafanya kazi ya vali.

Mtu aliyeyaelewa haya kuliko wengine ni Walter Kaaden, mhandisi wa MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki, ambaye wakati wa vita alikuwa Peenemünde kwenye makombora. Akitumia osiloskopu kuyatazama mawimbi hayo, mwaka 1961 aliifikisha injini ya cc 125 kwenye nguvu za farasi 25, sawa na farasi 200 kwa lita. Mwaka huohuo, mwezi mmoja tu baada ya ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, mwendeshaji wake Ernst Degner alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden. Mke na watoto walivushwa mpakani wakiwa wamefichwa kwenye buti ya gari. Degner akaenda Suzuki na maarifa ya Kaaden kichwani, na mwaka 1962 akawapa Wajapani hao ubingwa wa dunia wa cc 50. Yamaha walipotoa DT-1 yao ya porini mwaka 1968, tumbo la bomba lilikuwa limekwisha kuwa elimu ya kila kiwanda kule Japani.

Tujaribu hesabu. Chukua bomba ambalo kutoka tundu hadi katikati ya koni ya mwisho ni sentimita 80. Kwenda na kurudi ni mita 1.6, yaani milisekunde 3.2. Kwenye mizunguko 8,000, krenki humaliza duara moja kwa milisekunde 7.5. Ikiwa tundu huwa wazi nusu duara, yaani milisekunde 3.75, wimbi linarudi mlango ukikaribia kufungwa. Safi kabisa. Kwenye mizunguko 4,000, tundu liko wazi milisekunde 7.5, na wimbi lilelile linafika wakati chakula kipya bado kinaingia, likakisukuma kirudi kilikotoka. Ndiyo maana ukikata bomba ili lilie zaidi, au ukichukua bomba fupi la pikipiki ya mashindano, mlima utakucheka. Bomba refu ndilo la mlima.

Jambo ambalo Kutus inalidai kabla ya tupa au bomba ni jeti ya kabureta, nalo halihitaji kukata chuma. Mji uko karibu mita 1,300 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko ya Mombasa. Nanyuki ni asilimia 17. Kabureta haijui. Petroli haipungui kwa kiasi ambacho hewa imepungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito, kama asilimia 6 zaidi Kutus na 10 Nanyuki. Jeti ya namba 140 iliyotosha pwani hapa inataka 130 na kitu. Plagi ndiyo shahidi: nyeusi na yenye mafuta, mchanganyiko bado ni mzito; nyeupe, umepitiliza na pistoni iko hatarini; rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, usiguse.

Hewa hiyo nyepesi inatoa pia ruhusa. Kwa kuwa silinda hapa inabana hewa kidogo kuliko ile ya pwani, unaweza kuikwangua hedi, kifuniko cha silinda, kidogo na kurudisha mgandamizo uliopotea. Kipimo ni kipande cha waya wa risasi kilichowekwa juu ya pistoni, ukizungusha krenki kwa mkono: kikibonyezwa hadi karibu milimita moja pembeni, panafaa. Nguvu hii hukaa chini na katikati, anapoishi mwenye mzigo. Lakini ukishuka nayo Mombasa utasikia injini ikigonga.

Na onyo moja kwa waliong'oa pampu ya oili wakachanganya 2T kwenye tangi. Kutoka Kerugoya kurudi Kutus ni kushuka tu. Ukifunga mkono wa gesi huku injini inazungushwa na gurudumu, petroli huingia kidogo mno, na oili iliyomo vilevile. Piga gesi kidogo kila mara, au kamata klachi.

Tundu langu halikuweza kujazwa. Mzee aliichukua silinda, akaipeleka kwenye mashine ya kukereza, ikakatwa milimita moja chini ili ikae chini zaidi, na matundu yote yakashuka nayo. Juu tukaweka gasketi nene ya hedi ili pistoni isigonge. Jeti ilishuka namba moja, sproketi ya nyuma ikapanda meno mawili. Mwendo wa Mwea ulipotea. Gunia lilifika Kerugoya, gia ya tatu, na karibu na juu kabisa niliipita Boxer iliyokuwa na abiria mmoja tu, mnene.