Kuandaa Msumeno wa Mkanda katika Karakana ya Nyumbani

Msumeno wa mkanda, yaani mashine ambayo ukanda wa chuma wenye meno huzungushwa na magurudumu mawili, ulipewa hataza Uingereza mwaka 1809 kwa jina la William Newberry, lakini kanda za wakati huo zilikatika kwenye maungio, hadi Anne Paulin Crépin wa Ufaransa alipopata hataza ya njia ya kuziunga imara mwaka 1846. Kwa fundi wa nyumbani, thamani yake kubwa ni kukata mikunjo na kupasua mbao nene kuwa nyembamba.

Mashine mpya isiwashwe kabla ya kurekebishwa. Plagi ikiwa imechomolewa, ukanda hukazwa kwanza, kisha gurudumu la juu huzungushwa kwa mkono na kuinamishwa kidogo kidogo mpaka ukanda utulie mahali pamoja. Ndipo vishikizo vya pembeni, vinavyouzuia kuyumba, husogezwa hadi ubaki mwanya wa unene wa karatasi, vikiwa nyuma ya mashina ya meno, kwa kuwa vikiyagusa huyaharibu makali papo hapo. Ukanda uliolegea hupinda ndani ya mbao, na mashine ikalaumiwa bure. Kinga ishushwe karibu na mbao, na vidole visikae kamwe kwenye mstari wa meno.