Matandazo ya migomba: ng'ombe ale, fukusi asikaribishwe

Masika yamekatika, upepo wa Karatu umeshaanza, na simu ninazopokea wiki hizi nyingi ni za migomba ya nyuma ya nyumba. Majani yanachanika, mkungu unatoka mdogo. Nikiuliza kama kuna matandazo, jibu ni lile lile: "Mabua yameliwa yote, bwana shamba."

Nawaelewa. Kuanzia Rhotia hadi Mbulumbulu na Endabash, bua la mahindi ni chakula cha ng'ombe kwanza. Juni mpaka Oktoba nyasi ya maana hakuna. Anayekuambia utandaze mabua yote shambani huku ng'ombe analia zizini, huyo hajawahi kufuga. Mpe ng'ombe mabua, wewe chukua masalia: vile vipande vigumu anavyoviacha, vimeshakanyagwa na kulowa mkojo na samadi. Kwa mgomba hayo ni bora kuliko mabua matupu. Mabua makavu yakianza kuoza huvuta naitrojeni ya udongo, mgomba ukabaki na njaa, na mchwa nao wanayapenda mno.

Halafu kuna mgomba wenyewe, ambao watu wanausahau. Majani makavu yanayoning'inia, kata utandaze. Ukishavuna mkungu, lipasue shina kwa urefu, vipande vikauke juani siku kadhaa, ndipo uvitandaze. Vina potasiamu nyingi, na mgomba unaitumia sana. Ila kama mgomba ulinyauka kwa ugonjwa, usitandaze hata jani lake moja.

Sasa niseme kosa langu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilihudumia Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, kwenye joto na vitunguu vya kumwagilia. Mama mmoja alikuwa na migomba 12 pembeni mwa mfereji. Nikamwambia aweke matandazo mengi, tena yaegemee shina kabisa ili unyevu usipotee. Akatii. Msimu uliofuata akaniita: "Mwanangu, njoo uone ulichonifundisha." Migomba mitano ilikuwa chini, na mikungu yake michanga. Nikapasua tunguu kwa panga: ndani vijia vyeusi vitupu. Fukusi.

Fukusi wa migomba anapenda giza na unyevu, nami nilikuwa nimemjengea nyumba mlangoni. Anataga kwenye tunguu, mabuu yanatoboa, mizizi inalegea, upepo kidogo tu mgomba unalala. Yule mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba mikungu ile ilikuwa sare na madaftari ya mtoto. Kwa kweli ningependa angenigombeza.

Tangu siku hiyo nasema hivi: kati ya shina na matandazo acha nafasi ya sentimita 60, yaani kama hatua moja. Unene sentimita 10 unatosha. Tandaza udongo ukiwa bado na unyevu wa masika, maana ukifunika udongo mkavu, mvua ndogo haipenyi, unakuwa umehifadhi ukame. Huku juu kwenye baridi fukusi ni wachache kuliko Mang'ola, lakini nafasi acha tu.

Mengine nayapitia haraka. Maganda ya maharage ni mazuri ila yanaoza upesi, utaongeza mara kwa mara. Walio karibu na mashamba ya kahawa ya Oldeani, ombeni maganda ya kahawa, yaache yapoe na kuoza kidogo kwanza. Majani ya mgrevilea yanakawia kuoza, lakini ni ya bure. Ya mkaratusi, hapana. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu, na sangari au ndago usiilete kabisa, utajutia palizi. Na jamani, msitu wa Ngorongoro si duka la matandazo. Usivuke mpaka na panga.

Kama unashuku fukusi wameshaingia, kata kipande cha shina bichi cha sentimita 30, kipasue katikati, ukilaze karibu na mgomba, upande uliopasuliwa uangalie chini. Baada ya siku tatu kigeuze asubuhi. Ukikuta wadudu weusi wenye pua ndefu, waokote uwaue, na uvute matandazo nyuma siku hiyo hiyo.