Dawa za Kuzuia Damu Kuganda kwa Mjamzito na Mama Anayenyonyesha

Miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki wasioweza kuishi salama bila dawa za kuzuia damu kuganda, wamo waliobadilishiwa valvu za moyo, yaani milango inayoongoza mkondo wa damu, baada ya valvu zao za asili kuharibiwa na maradhi yanayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Kwa kuwa damu huganda kwa urahisi juu ya valvu bandia ya kimekanika, mgonjwa huandikiwa vidonge vya warfarini maisha yake yote, na kwa kuwa wengi huugua wakiwa wadogo, suala la mimba huibuka mapema.

Warfarini huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huitegemea katika kutengeneza protini za kugandisha damu, lakini pia hupenya kondo la nyuma, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito inaweza kuharibu umbile la pua na mifupa ya mtoto, ilhali baadaye inaweza kumfanya avuje damu ubongoni. Heparini, dawa ya sindano, ina molekuli kubwa zisizopenya kondo. Ndiyo maana enoksaparini, iliyo aina yake, huchomwa chini ya ngozi ya tumbo la mjamzito bila kumfikia mtoto.

Kwa mjamzito mwenye bonge la damu mguuni au mapafuni, heparini ndiyo tiba. Kwa mwenye valvu bandia uamuzi ni mgumu zaidi, kwani heparini haiilindi valvu kama warfarini, na valvu iliyozibwa na damu inaweza kuwaua mama na mtoto kwa pamoja. Kwa hiyo baadhi ya madaktari huendelea na warfarini ikiwa dozi haizidi miligramu 5 kwa siku, na wengine huweka heparini katika miezi 3 ya kwanza, wakipima damu mara kwa mara. Lililo hatari mno ni mama kuacha vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe anapogundua ana mimba. Inampasa amwone daktari wa moyo bila kukawia, na ni bora zaidi azungumze naye kabla ya kushika mimba.

Karibu na wiki ya 36 warfarini hubadilishwa kwa heparini, ili mtoto asizaliwe akiwa katika hatari ya kuvuja damu.

Baada ya kujifungua mambo hugeuka, na akina mama wanastahili kuelezwa jambo hili waziwazi: warfarini karibu haiingii kabisa kwenye maziwa, na heparini haimdhuru anayenyonya, hivyo hakuna sababu ya kumwachisha mtoto ziwa. Vidonge vipya kama rivaroksabani haviruhusiwi kwa wenye valvu za kimekanika, na kwa wengine huepukwa katika ujauzito na unyonyeshaji. Mchicha na kisamvu, vyenye vitamini K nyingi, mama anayemeza warfarini aendelee kuvila, mradi kiasi chake kisibadilike sana wiki hadi wiki.