Sura ya Tano: Meli Hujengwa Mara Moja

Hakuna meli kubwa inayoweza kuingia Ziwa Victoria kutoka baharini. Mto Nile unatoka ziwani humo ukipita kwenye mabwawa na maporomoko, na chombo cha tani elfu moja hakina njia ya kuupanda. Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa nayo yamefungwa vivyo hivyo. Jambo hilo moja la jiografia linaeleza mengi kuhusu biashara ya kujenga na kukarabati meli nchini Tanzania.

Mwenye fedha anayetaka boti ya kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja ana dunia nzima ya kuchagua. Boti za Kilimanjaro zinazovusha watu kila siku zilijengwa kwa alumini kule Hobart, Australia. Lakini anayetaka meli ya Mwanza na Bukoba hana budi ijengwe, au angalau iunganishwe, papo hapo ufukweni. China, Korea Kusini na Japani hujenga zaidi ya asilimia 90 ya tani zote za meli duniani. Hata hivyo, kampuni ya Korea ikishinda zabuni ya Ziwa Victoria haiwezi kutuletea meli iliyokamilika. Italeta michoro, mabati mazito, injini na wahandisi wake, kisha itatafuta wachomeleaji wa Mwanza.

Kwa hiyo maziwa yametupa soko lenye ulinzi ambao hakuna sheria ya forodha ingeweza kuuweka. Hoja ya sura hii ni kwamba tumelitumia soko hilo nusu tu. Tumelitazama zaidi kama soko la kuagiza meli mpya, ilhali riziki yake ya kila mwaka iko kwenye ukarabati.

Miaka mia moja ya kuunganisha

Utaratibu wa kuleta meli vipande vipande ni wa zamani. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya Graf von Goetzen, kisha kikaifumua na kuipakia katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja Dar es Salaam kwa bahari na kuelekea Kigoma kwa reli, na mafundi wa kiwanda hicho wakafuatana nayo kuja kuiunganisha. Iliingia majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina tunalolijua: Liemba.

Grisi ile ndiyo iliyoamua hatima ya meli. Fundi aliyeipaka alilinda thamani ya chombo kwa kazi ndogo iliyofanywa kwa wakati wake, na miaka mingi ya kukaa chini ya maji haikuifuta.

MV Victoria ilifuata njia hiyo hiyo. Ilitengenezwa Glasgow, ikasafirishwa kwa vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza safari mwaka 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nchi tatu ziligawana meli, karakana na mafundi. Kila nchi ikabaki na sehemu ya mfumo uliokuwa umepangwa ufanye kazi kwa pamoja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, meli mpya kubwa zilikuwa adimu upande wetu, na zilizokuwapo ziliendelea kubeba mzigo wa idadi ya watu iliyokuwa ikiongezeka. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha.

Mwezi huo huo wa Septemba 2018, siku chache kabla ya ajali ya Ukara, serikali ilikuwa imetia saini mikataba minne jijini Mwanza yenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 150: kujenga meli mpya, kukarabati MV Victoria, kukarabati MV Butiama na kujenga chelezo. MV Victoria ilirudi kazini mwaka 2020. Meli mpya, MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa majini Februari 2023.

Magazeti yaliandika sana kuhusu meli. Kwa mwenye kulifuatilia soko, habari kubwa zaidi ilikuwa chelezo.

Ndani ya chelezo

Chelezo ni mteremko wa zege wenye reli zinazoingia majini. Juu ya reli kuna kitoroli kizito cha chuma. Meli huelekezwa juu ya kitoroli kikiwa bado kimezama, hufungwa na kuegemezwa pande zote, kisha winchi huvuta vyote viwili polepole hadi nchi kavu. Chelezo cha Mwanza kimejengwa kuweza kubeba meli ya tani 4,000. Bila chelezo cha kutosha, meli kubwa haiwezi kukaguliwa tumbo lake, hata kama nchi ina fedha na mafundi wa kila aina.

Kazi huanza meli ikishatulia. Tumbo huoshwa kwa maji ya msukumo mkubwa, kisha hupigwa mchanga mpaka chuma kibaki cheupe. Fundi hupita na kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti, hukibandika kwenye bati, husoma unene wake kwa milimita na kuuandika kwa chaki papo hapo. Bati lililokuwa na milimita kumi likisoma saba, mkaguzi huchora mstari kulizunguka, na eneo lote hilo hukatwa na kuwekwa bati jipya. Wengine wakati huo wanafungua vali za kuingiza maji ya kupozea injini. Wengine wanapima uwazi kati ya mhimili wa rafadha na beringi yake, au wanaangalia usukani kama umelegea.

Hapo ndipo bei hujulikana, na hapo ndipo ugomvi wa mikataba huanzia. Karakana ilikadiria kubadili tani tano za bati. Mchanga ukishapigwa, zinaonekana tani kumi na mbili. Mmiliki aliyetenga fedha kamili kwa makadirio ya kwanza hukwama, na meli hukaa juu ya chelezo ikisubiri kibali cha nyongeza huku meli nyingine zikisubiri nafasi yake. Mameneja wazoefu huweka akiba ya nyongeza tangu mwanzo, na hupima unene wa mabati meli ikiwa bado majini, kutokea ndani, ili wasije wakashtukizwa.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unataka tumbo la meli ya abiria likaguliwe kila mwaka, na meli za mizigo zikaguliwe mara mbili katika kila miaka mitano. Chukua nchi yenye meli, vivuko na matishari katika maziwa matatu na bahari moja, uzidishe kwa kanuni ya namna hiyo, na utaona ukubwa wa kazi inayojirudia. Kazi hii haingoji uchaguzi wala mkopo. Inaletwa na kutu, uchakavu na sheria.

Mteja mmoja mkubwa

Kwa nini basi karakana zetu hazifuriki kazi mwaka mzima? Jibu liko kwa mteja. Meli kubwa za maziwani ni za kampuni ya serikali, TASHICO, iliyokuwa ikijulikana kama MSCL. Vivuko vingi ni vya TEMESA, wakala wa serikali. Hawa wawili wakiwa na bajeti, soko linachangamka, wakikosa, linalala. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na fedha za ukarabati zikichelewa hadi robo ya mwisho, kazi iliyopaswa kugawanywa katika miezi kumi na miwili hurundikana katika mitatu.

Karakana haiwezi kumlipa mchomeleaji mwenye cheti kwa ahadi. Kazi ikikatika kwa miezi sita, ataondoka kwenda migodini, kwenye mabomba ya gesi au kwenye ujenzi, na zabuni inayofuata itaanza upya na vijana wasiowahi kuchomelea bati la meli. Hii ndiyo gharama ambayo haionekani katika mkataba wowote, na ndiyo inayotufanya tuendelee kuagiza wataalamu.

Hata hivyo kampuni ya wazawa imeonyesha kwamba inawezekana. Songoro Marine ya Mwanza ilianza na vyombo vidogo, ikajenga vivuko vya serikali, kisha ikaenda Kyela na kujenga meli mbili za mizigo za Ziwa Nyasa, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000. Meli ya abiria, MV Mbeya II, ikafuata. Kampuni haikui hivyo kwa zabuni moja ya bahati. Hukua kwa zabuni zinazofuatana, ambapo makosa ya chombo cha kwanza hurekebishwa katika cha pili na watu wale wale.

Baharini mlango uko wazi

Upande wa bahari hali ni tofauti kabisa. Hapa meli yoyote ya dunia inaweza kuingia, ikiwa ni pamoja na zile ambazo wenyewe wamezichoka. MV Spice Islander I, iliyozama Septemba 2011 ikiwa imejaza kupita kiasi, ilijengwa Ugiriki mwaka 1967. MV Skagit, iliyozama Julai 2012, ilikuwa imefanya kazi kwa miaka mingi katika jimbo la Washington, Marekani, kwenye maji yaliyo tofauti na mkondo wa Zanzibar. Meli kuukuu huwa rahisi siku ya kununua. Bei yake ya kweli hujitokeza gudini, meli inapokarabatiwa nje ya maji, na kwa asiyeipeleka gudini hujitokeza baharini.

Na gudi lenyewe mara nyingi liko kwa jirani. Mwaka 2023 kivuko cha MV Magogoni, kilichokuwa kikivusha watu kati ya Magogoni na Kigamboni, kilipelekwa Mombasa kwa ukarabati mkubwa. Mombasa ina karakana zenye uzoefu wa miaka mingi na meli za nchi mbalimbali. Ndiyo sababu zabuni huenda kwao. Kila chombo kinachokwenda huko kinakwenda na mishahara ya mafundi, faida ya karakana, na funzo ambalo vijana wa Dar es Salaam wangelipata.

Kwa vyombo vidogo mabadiliko ni ya aina nyingine. Nungwi bado utawakuta mafundi wakilaza mkuku, wakisimamisha mataruma na kupiga kalafati ya pamba iliyoloweshwa mafuta. Lakini miti migumu mirefu imekuwa haba na ghali, na serikali sasa huwakopesha wavuvi boti za faiba. Faiba haioti fangasi wala haitoboki kwa wadudu. Inaomba ujuzi wake: kuchanganya resini kwa kipimo, kutambua tabaka lililoachana, kuziba ufa kabla maji hayajapenya ndani ya tabaka. Fundi wa jahazi analijua umbo la chombo kuliko mtu yeyote. Akipewa mafunzo ya faiba, atakuwa fundi bora wa soko jipya. Asipopewa, boti hizo zitakosa wa kuzitengeneza ndani ya miaka michache.

Upepo unakoelekea

Mambo matatu yatalibadili soko hili. La kwanza ni madaraja. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na vivuko vilivyokuwa vikivusha magari hapo havina tena kazi ile. Vivuko hivyo vinafaa visiwani, ila kila kimoja kinahitaji marekebisho ili kikidhi gati na mawimbi ya kituo kipya. Mahitaji ya kivuko yanapungua sehemu moja na kuibuka nyingine, na karakana ndiyo inayounganisha sehemu hizo mbili.

La pili ni mizigo. Bidhaa za mashariki ya Kongo na za Burundi zinapita Kigoma, na reli ya kisasa inajengwa kuelekea Mwanza na Kigoma. Treni ikifikisha tani nyingi kwenye gati ambako hakuna meli za kutosha, mzigo utarundikana hapo hapo. Meli za mizigo ndizo zitakazoongoza soko la miaka ijayo, na ni nyepesi kujenga kuliko za abiria kwa sababu hazina vyumba vya abiria wala mifumo mingi ya uokoaji.

La tatu ni jirani. Kenya Shipyards, shirika la serikali ya Kenya lililoanzishwa mwaka 2020, imejenga MV Uhuru II mjini Kisumu kwa kushirikiana na Damen ya Uholanzi. Ziwa limefungwa kwa dunia, lakini ndani yake Kisumu, Port Bell na Mwanza zinatazamana. Meli ya Uganda au ya mfanyabiashara binafsi itakwenda kukarabatiwa penye nafasi, vipuri na tarehe inayoaminika. Chelezo cha tani 4,000 ni mtaji mzuri wa kuanzia ushindani huo, mradi kisikae kitupu.

Hatua zinazotakiwa zinajulikana. Wamiliki wa umma watangaze kalenda ya ukarabati ya miaka mitatu, chombo kwa chombo, ili karakana ziajiri kwa kuiamini. Fedha za ukarabati zitengwe peke yake, zisikatwe kuokoa mradi mwingine. Karakana zinunue mabati ya meli kwa pamoja na kuyaweka ghalani, kwa kuwa yanatoka nje na hakuna fundi anayeweza kuharakisha meli iliyoyapakia. Chuo cha Bahari na vyuo vya VETA vitoe vyeti vya uchomeleaji wa meli vinavyotambuliwa na wakaguzi wa kimataifa. Na kila mkataba wa mjenzi wa kigeni utaje kwa majina kazi ambazo mafundi wetu watazifanya wenyewe kabla hajaondoka.

Siku ya kushusha meli majini ina ngoma, hotuba na kamera, na inastahili. Lakini meli hujengwa mara moja, kisha hukaa miaka arobaini ikihitaji kuangaliwa. Nchi inayolipia miaka hiyo arobaini mapema na kwa utaratibu ndiyo inayopata karakana hai, na karakana hai ndiyo itakayojenga meli inayofuata kwa mikono yake.