Mgeni huyu mpe siku tisini

Wahenga walituachia usemi kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni usemi mzuri kwa binadamu. Lakini yupo mgeni ambaye ukimpa jembe siku ya tatu atakuharibia shamba zima. Mgeni huyo ni mnyama atambaaye, awe kinyonga, kobe au nyoka, anayeletwa kuchanganywa na wenzake waliotangulia kufugwa. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu magonjwa ambayo wanyama hao huambukizana, na jinsi ya kuyazuia.

Pengine mtauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wakazi wa mijini? Yanatuhusu. Zipo nyumba ambazo kobe hufugwa uani na watoto humchezea. Zipo bustani za nyoka ambako wanafunzi hupelekwa kujifunza. Na kwa miaka mingi nchi yetu iliuza nje vinyonga, kobe na nyoka hai, mpaka Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwezi Machi 2016.

Tuchukue mfano wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Hapo ndipo Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na mwaka 1997 msitu wake ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Katika milima hiyo yupo kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu, na jina lake la kitaalamu limetokana na Derema, jirani kabisa na Amani. Porini, kinyonga huishi peke yake. Kinyesi chake huanguka chini, naye akaenda zake tawi jingine. Minyoo huwa anayo, lakini ni michache na haimwelemei.

Sasa mtie kinyonga huyo katika mfuko pamoja na wenzake ishirini, kisha mteremshe kutoka ubaridi wa Amani hadi joto la Tanga mjini. Hali chakula, na maji hanywi, kwa sababu amezoea kulamba matone kwenye majani, si kunywa bakulini. Nguvu za mwili za kujikinga zinapungua. Kinyesi cha mmoja kinamwangukia mwingine. Minyoo michache inazaa mingi, na mchubuko mdogo wa mdomoni unageuka kidonda kinachooza. Ni yale yale tunayoyajua kuhusu kipindupindu: hakihitaji uchawi, kinahitaji msongamano na uchafu.

Tatizo kubwa ni kwamba wanyama hawa ni mafundi wa kuficha ugonjwa. Mbuzi akiumwa utamsikia na kumwona. Kobe akiumwa hunyamaza, kama alivyonyamaza jana alipokuwa mzima. Isitoshe, mwili wake hufanya kazi polepole, na ugonjwa nao huweza kujitokeza polepole. Mwaka 1972 nyoka wengi walikufa katika kituo kimoja cha ufugaji nchini Uswisi kutokana na virusi vinavyoshambulia mapafu, na tangu hapo virusi vya jamii hiyo vimeonekana katika makusanyo ya nyoka ya nchi nyingi. Ndiyo maana madaktari wa wanyama hushauri mgeni atengwe kwa muda usiopungua siku 30, na kwa nyoka wengi wao hutaka siku 90.

Kutenga maana yake si kumweka katika kizimba cha pembeni. Ni kumweka katika chumba kingine, akiwa na bakuli lake, ndoo yake na koleo lake. Sakafu ya kizimba itandikwe magazeti ili kinyesi kionekane, na kinyesi hicho kipelekwe kwa daktari wa wanyama kupimwa, tena zaidi ya mara moja. Apimwe uzito kila wiki na uandikwe, kwa kuwa mzani husema kabla ya macho. Na akiingia mgeni mwingine chumbani humo kabla ya muda kwisha, hesabu ya siku inaanza upya.

Mfugaji naye awe na utaratibu. Ahudumie kwanza walio wazima, kisha wagonjwa, na mgeni awe wa mwisho. Vyombo vioshwe kwanza kwa sabuni na maji, ndipo vilowekwe kwenye jiki, kwani jiki iliyomwagwa juu ya uchafu ni fedha iliyotupwa. Hata hivyo, viko vimelea vya tumboni ambavyo jiki haviviui. Kwa hiyo matawi na mbao za kizimba cha mgonjwa zichomwe moto. Panzi au mende aliyebakizwa na mnyama mmoja asipewe mwingine. Na anayekufa asifukiwe kimya kimya. Apelekwe achunguzwe, ili walio hai wapone.

Wapo pia utitiri na kupe, ambao hawasubiri kubebwa na mtu. Mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingiza aina tatu za kobe wa Afrika, akiwemo kobe mwenye madoa ambaye hata kwetu yupo, kwa hofu ya kupe wanaoweza kupeleka ugonjwa wa maji moyo kwa ng'ombe. Kupe mdogo alifunga soko kubwa.

Binadamu naye hayuko salama. Wanyama watambaao wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wenyewe kuugua. Mwaka 1975 Marekani ilizuia uuzaji wa kasa na kobe wadogo, wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa sababu watoto waliowachezea walikuwa wakiugua. Basi mtoto akishamshika kobe anawe mikono kwa sabuni, na bakuli la kobe lisioshwe pamoja na vyombo vya jikoni.

Ndugu wasikilizaji, liko kosa moja linalozidi yote hayo, nalo hufanywa kwa huruma. Mtu akichoka kufuga, au akikumbuka kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka awe na kibali, humbeba mnyama wake na kumwachia msituni. Anaona amemrudisha nyumbani. Kumbe huenda amepeleka msituni yale yote yaliyookotwa katika msongamano wa vizimba.

Tukumbuke yaliyowapata vyura wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Vyura si jamii ya kinyonga, lakini funzo ni lile lile. Viumbe hao hawakuwa na makao mengine duniani isipokuwa bonde hilo moja. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, karibu vyura 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000 kulelewa. Mwaka 2003 ugonjwa wa kuvu ukagunduliwa kwa vyura waliobaki bondeni, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Ilikuwa mwaka 2012 ndipo watoto wa wale waliolelewa ughaibuni walipoanza kurudishwa bondeni.

Misitu ya Usambara nayo ina viumbe wa namna hiyo, wasio na makao ya pili. Ugonjwa ukiingia humo hakuna chumba cha kuwatengea, wala daktari wa kupanda kila mti. Kwa hiyo, aliye na mnyama asiyeweza kumfuga tena aende ofisi ya wanyamapori iliyo karibu naye aeleze. Asimpeleke msituni. Na anayempokea mgeni mpya leo, aanze kuhesabu siku leo.