Ati utalala ndani kwa kumchekesha mheshimiwa?

Wadau, wiki hii kwa grupu yetu ya mtaa hapa Makongeni, Thika, kijana mmoja alituma picha ya mheshimiwa akivua samaki kwa shimo la barabara. Tukacheka. Mfuasi wake mmoja akaandika: "Futa hiyo, utalala ndani." Kijana akafuta. Acha niwaeleze.

Miaka 10 hivi iliyopita, huyo mfuasi angekuwa na cha kushika. Kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilifanya kuwa kosa kutuma ujumbe wa matusi mazito, au wa uongo wa kuudhi watu. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikifuta. Kilikuwa kipana mno, raia hawezi kujua amevuka mpaka saa ngapi.

2017 vikaanguka viwili vya Kanuni ya Adhabu: cha 194, kilichofanya kashfa kuwa jinai, na cha 132, cha kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma. Hicho cha 132 bloga mmoja alishtakiwa nacho kwa ujumbe wa Twitter kumhusu rais!

Kwa hivyo mheshimiwa akiona amechafuliwa jina, aende kwa wakili afungue kesi ya madai, adai fidia. Na hapo usijidanganye. Picha ya samaki ni mzaha, kila mtu anaona. Lakini ukiandika "amekula pesa za basari" na huna ushahidi, kusema "nilikuwa najoki tu" hakutakuokoa.

Jinai iko wapi basi? Ibara ya 33 ya Katiba haikingi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008: maneno ya vitisho au matusi ya kuchochea chuki ya kikabila, faini hadi milioni 1, au miaka 3 jela, au zote mbili. Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Tunaanza na barabara, tukifika komenti ya 20 ni kabila la watu.

(Sheria ya kompyuta ya 2018 nitaipa uzi wake. Ilifikishwa kortini mwezi ule ule ilipotiwa saini.)

Sasa kwa nini kijana alifuta? Kamatakamata ya Ijumaa. Ibara ya 49 inasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini zikiisha wakati korti imefungwa, unangoja siku ya korti inayofuata. Ukishikwa Ijumaa jioni, hiyo ni Jumatatu. Simu nayo imebaki kwao kama ushahidi. Hata kesi ikitupwa, wikendi yako imeenda, na kibarua pengine.

Ukishikwa, uliza: ni kosa gani, kifungu gani? Ni haki yako kuambiwa kwa lugha unayoelewa, kunyamaza, na kuongea na wakili.

Na wewe kijana wa samaki, ukisoma hapa, nitafute inbox. Picha yako niliihifadhi.