Stima Ivukayo Mipaka: Mkondo Mnyoofu kutoka Ethiopia na Haja ya Kuueleza kwa Kiswahili

Utangulizi

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, mtu akisema kwamba stima imepotea, kila msikilizaji humwelewa. Hata hivyo, akiulizwa stima hiyo hutoka wapi, aghalabu atautaja mlingoti ulio karibu na lango lake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi gridi za nchi jirani zinavyounganishwa kwa mkondo mnyoofu wa volteji ya juu, hususan njia ya Ethiopia na Kenya. Aidha, yanadai kuwa suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili sawa na mhandisi, kwa kuwa anayelipia stima anastahili kuelezwa habari zake katika lugha anayoimudu.

Usuli

Kenya kununua umeme kwa jirani si jambo geni. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, Uganda, mwaka 1954, na kufikia 1958 njia ya kilovolti 132 ilikuwa ikileta umeme Nairobi kutoka Tororo. Njia hiyo ilitumia mkondo geu, yaani ule unaobadili mwelekeo wake mara kwa mara. Katika Afrika Mashariki mkondo huo hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde.

Njia ya Ethiopia ni ya aina nyingine. Inaanzia Wolayta Sodo, kusini mwa Ethiopia, na kuishia Suswa, katika Bonde la Ufa. Urefu wake ni takriban kilomita 1,045, na kati ya hizo 612 zimo Kenya. Inabeba kilovolti 500 za mkondo mnyoofu na iliundwa kusafirisha hadi megawati 2,000. Kenya ilianza kununua umeme kupitia njia hiyo mwishoni mwa 2022, chini ya mkataba wa miaka 25 ulioanza na megawati 200, kwa bei ya senti 6.5 za dola ya Marekani kwa kilowati-saa.

Kwa nini mkondo mnyoofu?

Sababu ya kwanza ni umbali. Mkondo geu husafiri kwa nyaya tatu, na sehemu ya uwezo wa nyaya hizo huliwa na kule kugeukageuka kwenyewe. Mkondo mnyoofu huhitaji nyaya za pande mbili tu, na upotevu wake njiani ni mdogo. Vituo vya kubadilisha mkondo ni ghali mno, lakini njia ya angani ikizidi kilomita 600 hadi 800 hivi, akiba ya njiani huanza kufidia gharama ya vituo.

Sababu ya pili ni mwendo wa gridi zenyewe. Ili gridi mbili ziunganishwe kwa mkondo geu, sharti mizunguko yake iende sambamba, pigo kwa pigo. Tuchukue mfano wa soko la Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira. Mgusii na Mkipsigis hukutana hapo wakauziana mazao, na hakuna anayelazimika kuiacha lugha yake; Kiswahili hupokea neno upande huu na kulifikisha upande ule. Mkondo mnyoofu hufanya kazi iyo hiyo. Gridi ya Ethiopia hubaki na mwendo wake, ya Kenya hali kadhalika, nao umeme huvuka.

Kinyume chake ni njia ya kilovolti 400 iliyounganisha Isinya na Singida, Tanzania, mwaka 2024. Njia hiyo ni fupi zaidi, nayo hutumia mkondo geu. Hapo gridi mbili hazina budi kwenda hatua moja.

Faida na tahadhari

Umeme ukishafika Suswa na kurejeshwa kuwa mkondo geu, huchanganyika na ule wa mvuke wa Olkaria na wa mito yetu. Hakuna awezaye kuutenga tena. Kutoka kwenye mchanganyiko huo ndiko Kisii hupata fungu lake, kupitia njia ya kilovolti 132 itokayo upande wa Sotik. Kwa hiyo mashine za viwanda vya chai vya Kebirigo, Nyansiongo na Kiamokama zina uhusiano na mabwawa ya mbali.

Uhusiano huo una hasara pia. Tarehe 6 Septemba 2024, njia ya Loiyangalani iliyokuwa ikibeba megawati 288 ilikatika Suswa. Ikafuatwa na ile ya Ethiopia iliyokuwa na megawati 200. Gridi ilipoteza megawati 488 kwa muda mfupi, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Stima ikikatika, feni za kunyausha majani ya chai husimama, na jenereta ya dizeli ina gharama zake.

Suala la istilahi

Mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi hapa. Neno "kigeuzi" hutumiwa kwa kifaa chochote cha kubadilisha mkondo. Tatizo ni kwamba linashiriki mzizi na "mkondo geu", hivyo msomaji hudhani kila kigeuzi huzalisha mkondo geu. Ilhali huko Wolayta Sodo mkondo hunyooshwa, na Suswa ndiko hugeuzwa. Tunapendekeza "kibadilimkondo" liwe jina la jumla, chini yake kuwe na "kinyooshamkondo" na "kigeuzamkondo". Umeme ukielekezwa kinyume, kutoka Kenya kwenda Ethiopia, vituo hubadilishana majina hayo mawili, lakini jina la jumla hubaki.

Hitimisho

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya umma. Mkulima anayeombwa kupisha nyaya katika shamba lake hawezi kushiriki kikamilifu ikiwa maelezo anayopewa hayamwingii akilini. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Sisi wanafunzi wa lugha tukinyamaza, mkulima huyo ataendelea kutoambiwa. Ni wajibu wetu kukaa pamoja na wenzetu wa uhandisi na kuyatengeneza maneno haya.